Ajali na Kughafilika

Lugha yaweza kuwa mlinzi wa haki, na yaweza kuwa mwizi wake. Neno likiwekwa mahali pake humwonyesha mtu jambo lilivyo. Likiwekwa mahali pasipo pake humfichia jambo hilo hata likiwa limesimama mbele ya macho yake. Katika maneno yatumiwayo kila siku juu ya mambo ya barabara, hapana neno lililozika haki za watu wengi kuliko neno ajali. Basi likipinduka, ni ajali. Pikipiki ikimvunja mguu mtoto atokaye shuleni, ni ajali. Dereva akiwa amelewa, au amesinzia, au ameinamisha kichwa akisoma ujumbe katika simu ya mkononi, mambo hayo matatu huandikwa kwa neno moja, huliliwa kwa kilio kimoja, na husahauliwa kwa pamoja. Kisha juu yake hutiwa muhuri wa methali, kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ikisha kutamkwa matangani hapana aulizaye tena. Na athubutuye kuuliza huonekana kama ashindanaye na Mungu.

Neno lenyewe halina hatia. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake huko ni muda uliowekwa, hasa muda wa mwisho wa uhai, usiotangulizwa wala kuahirishwa. Mzee akifa kitandani baada ya kuugua miaka mingi, jamaa zake wakasema kwamba ajali yake imefika, wamesema kweli na wamesema kwa adabu. Baharia akizamishwa na dhoruba ambayo hakuiona wala hakuweza kuikimbia, neno hilo lamfaa. Lakini neno lililoumbwa kwa ajili ya kudura limeazimwa na uzembe, na uzembe haujalirudisha. Mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi yamelazwa katika kitanda kimoja: lile ambalo hapana mtu awezaye kulizuia, na lile ambalo mtu mmoja angalilizuia kwa kuiacha simu mfukoni.

Magazeti nayo yamezoea kusema kwamba gari liliacha njia likapinduka, kana kwamba gari lilichoshwa na njia yake likachagua nyingine. Husemwa breki zilikataa, kana kwamba breki zina nia. Husemwa tairi lilipasuka, bila kuulizwa lilikuwa limetembea muda gani likiwa kipara. Katika sentensi hizo kila kitu hutenda ila dereva. Gari latenda, breki zatenda, tairi latenda. Mwenye usukani peke yake ndiye asiyetenda neno. Mwanafunzi wa sarufi aliyefundishwa kutafuta kiima cha sentensi na akitafute hapo: ataona kwamba kiima kimeondolewa, na pamoja nacho imeondolewa dhima.

Liko neno la pili lililo ndugu wa la kwanza, nalo ni ghafla. Dereva akisimama mbele ya askari na kuulizwa ilikuwaje, jibu lake aghalabu ni moja: alitokea ghafla. Mwenda kwa miguu alitokea ghafla, baiskeli ilitokea ghafla, ng'ombe alitokea ghafla. Yafaa watu wa lugha wakumbuke kwamba neno hilo nalo ni la Kiarabu, na huko maana yake ni kutoangalia, kutokuwa na habari ya lililo mbele. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo katika kitenzi kughafilika. Ghafla na kughafilika ni watoto wa mama mmoja. Basi dereva asemapo kwamba mtu alitokea ghafla, husema kweli asiyoijua: si kwamba mtu yule alizuka kutoka ardhini, bali yeye alikuwa ameghafilika. Yule mtu alikuwa pale tangu mwanzo, akionekana na kila mwenye macho wazi. Ghafla haikuwa katika miguu yake. Ilikuwa katika kichwa cha dereva.

Kiasi cha kughafilika huko chaweza kupimwa kwa hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi aiweza. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa hukata meta 22 na zaidi kila sekunde. Dereva akiinamia simu kwa sekunde 5 tu, apate kusoma salamu ya rafiki, gari lake limekwisha kwenda meta 111, nao ni urefu unaozidi wa uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli. Katika meta hizo zote gari halina dereva. Lina abiria aliyeketi mbele. Mjini, kwa mwendo wa kilometa 50, sekunde 2 za kutazama jina la mpigaji ni meta 27 na zaidi. Na katika meta 27 za mtaa wa mji zaweza kuwamo meza ya muuza machungwa, kivuko cha wanafunzi, na kikongwe ashikaye fimbo. Mtu angeambiwa afumbe macho na kukimbia meta 27 sokoni ameshika panga, angeona kwamba anaambiwa jambo la wendawazimu. Lakini gari ni zito kuliko panga, na afumbaye macho ndani yake haitwi mwendawazimu. Huitwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Wako wajiteteao kwa kusema kwamba hawaishiki simu. Huiweka masikioni au kifuani mwa gari, mikono yao ikabaki katika usukani. Utetezi huo umekwisha kupimwa na wataalamu ukaonekana mwepesi. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Toronto, Redelmeier na Tibshirani, walitangaza matokeo ya kuchunguza habari za madereva 699 waliopata migongano na wenye simu. Walikuta kwamba hatari ya kugongana wakati wa kuzungumza ilikuwa karibu mara 4 ya wakati usio wa mazungumzo, na hawakuona kwamba simu isiyoshikwa mkononi ilikuwa na usalama zaidi ya ile ishikwayo. Mwaka 2006 katika chuo kikuu cha Utah, Strayer na wenziwe waliwajaribu watu 40 katika mtambo wa kuigiza uendeshaji: mara wakiwa wazima, mara wakizungumza na simu, mara wakiwa wamekunywa pombe hadi kiasi kinachokatazwa na sheria ya huko. Watatu waliligonga gari lililokuwa mbele yao. Wote watatu walikuwa wakizungumza na simu. Mlevi hakuwamo hata mmoja.

Sababu ya hayo haikai mkononi, hukaa akilini. Mwaka 1999 Simons na Chabris, huko Harvard, waliwapa watu kazi ya kuhesabu pasi za mpira katika filamu fupi. Katikati ya mchezo alipita mtu aliyevaa ngozi ya sokwe. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona, ijapokuwa macho yao yalikuwa yakitazama palepale alipopita. Jicho lililo wazi bila akili nyuma yake ni dirisha la nyumba isiyo na mtu. Wahenga wa Kiswahili hawakuwa na mtambo wala filamu, lakini walikwisha kulisema jambo hili: njia mbili zilimshinda fisi, na mshika mawili moja humponyoka. Tofauti ni moja tu. Fisi aliyeshindwa na njia mbili alipasuka msamba mwenyewe. Dereva aliyeshindwa na njia mbili humpasua mwingine.

Na huyo mwingine ni nani? Taarifa ya Shirika la Afya Ulimwenguni iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kwamba watu 1,190,000 walikufa barabarani katika mwaka 2021, na kwamba katika kila vifo 100 vifo 92 vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Zaidi ya nusu ya waliokufa hawakuwa ndani ya gari: walikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli, au kwa pikipiki. Kwa watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 hapana kiuacho kuliko barabara. Maana ya hesabu hii ni chungu. Aghafilikaye ameketi ndani ya chuma, amefungwa mkanda. Alipaye yu nje, mwili wake ndio chuma chake. Barabarani simu ni ya mmoja na kaburi ni la mwingine.

Itasemwa kwamba serikali hazikulala. Ni kweli. Kenya, kwa kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, iliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva atumiaye simu gari likitembea. Tanzania imeyafunga mabasi ya safari ndefu vyombo vya kufuatilia mwendo, na kabla ya hapo ilikuwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iadhibuyo uendeshaji wa hatari na wa kutojali. Lakini chombo cha kufuatilia mwendo hujua gari laenda kasi gani. Hakijui macho ya dereva yako wapi. Na faini, iwe kubwa iwe ndogo, huingia katika hazina ya serikali. Aliyevunjika nyonga haoni senti yake. Dereva akihukumiwa kulipa, au akifungwa, umma umetoshelezwa. Majeruhi bado amelala palepale, na gharama ya hospitali iko palepale. Hapa ndipo neno ajali lifanyapo wizi wake mkubwa kuliko wote, kwa kuwa watu wengi hudhani kwamba kesi ya polisi ikiisha mambo yamekwisha, ilhali haki ya majeruhi hata haijaanza kuombwa.

Sheria ya uzembe iliyorithiwa na mahakama za Afrika Mashariki ni ya Kiingereza kwa asili, na nguzo yake mashuhuri ni hukumu ya mwaka 1932 katika shauri la Donoghue na Stevenson. Mwanamke wa Scotland alikunywa kinywaji cha chupa ambayo, kama alivyodai, ilikuwa na konokono aliyeoza. Akamshtaki mtengenezaji ingawa hakununua kwake. Majaji wa juu wa Uingereza waliamua kwamba mtu hana budi kujihadhari asimdhuru jirani yake, na jirani katika sheria ni kila mtu ambaye mwenye akili timamu angepaswa kumkumbuka kwamba kitendo chake chaweza kumpata. Kwa Waswahili fikira hiyo si ngeni. Jirani wa mtu aliyeshika usukani ni yule avukaye barabara, na ujirani wao hudumu sekunde chache. Lakini katika sekunde hizo mmoja ameshika uhai wa mwenzake.

Mfano na utolewe. Mama auzaye maandazi avuka kivuko alfajiri, beseni kichwani. Gari la kampuni ligawalo soda laja. Simu ya dereva yalia. Apigaye ni msimamizi wake, ataka kujua amefika wapi. Dereva ajibu, na katika kujibu ampiga mama yule akamvunja paja. Watu wakusanyika. Kabla jua halijapanda, mjumbe wa kampuni amefika hospitali na bahasha, maneno yake laini: ajali haina kinga, mama, hizi ni za dawa, tia kidole hapa, mambo yaishe kidugu. Karatasi ile husema kwamba mama hana dai lolote tena. Mama atia kidole. Miezi sita baadaye mguu umepona mfupi, biashara imekufa, watoto wawili wametoka shule, na karatasi imekaa salama katika kabati la kampuni.

Lililo haki ya mama huyo lilikuwa jingine kabisa, nalo halikuwa la siri. Kwanza, alistahili habari zake ziandikwe polisi, apewe fomu ya PF3 itumiwayo Tanzania, ambayo nchini Kenya huitwa P3, ili majeraha yake yathibitishwe na mganga. Karatasi ile ni ushahidi, wala si ruhusa ya kutibiwa tu. Pili, jamaa zake walipaswa kuandika namba ya gari, namba ya stika ya bima, na majina ya walioona. Risiti ya dawa, ya teksi, ya magongo, kila moja ni jiwe la kujengea dai. Itupwayo ni shilingi itupwayo. Tatu, simu yenyewe ni shahidi asiyehongeka, kwa kuwa saa na dakika ya mazungumzo huandikwa na kampuni ya simu. Dereva aweza kukana. Kumbukumbu hiyo haikani, mradi yuko aiombaye kwa njia ya polisi au ya mahakama.

Kisha yaja mashauri yenyewe, nayo ni mawili, wala moja halili jingine. Shauri la jinai ni la Jamhuri dhidi ya dereva. Shauri la madai ni la majeruhi dhidi ya dereva na mwenye gari. Katika Tanzania, kama ilivyo Kenya, dereva akitiwa hatiani na hukumu ikawa ya mwisho, sheria ya ushahidi huifanya hatia hiyo ithibitike katika shauri la madai, hata majeruhi asianze kuthibitisha upya jambo lililokwisha kuamuliwa. Na mahakama ya jinai yenyewe yaweza kuamuru mkosaji alipe fidia. Lakini hata dereva akiachiwa katika jinai, mlango wa madai haufungwi, maana katika jinai kosa hudhihirishwa pasipo shaka ya maana, na katika madai yatosha kuonyesha kwamba yamkini iko zaidi upande wa mdai.

Dereva maskini hana cha kulipa, huulizwa. Ashitakiwe kwa faida gani? Swali hili ndilo kimbilio la wengi, na jibu lake lina sehemu mbili. Bwana hujibu kwa kosa la mtumishi wake alilolitenda katika kazi yake. Dereva wa soda alikuwa kazini. Kampuni yapaswa kujibu pamoja naye. Tena katika mfano huu kampuni haijibu kwa kosa la mwingine tu, bali kwa lake yenyewe, kwa kuwa msimamizi ampigiaye simu mtu anayejua kwamba yuko njiani ameunyosha mkono wake mpaka ndani ya gari na kumziba macho. Sehemu ya pili ni bima. Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, na ile ya Kenya iliyo mfano wake, humkataza mtu kulitia gari barabarani bila bima ya kuwalinda watu wengine. Bima hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mwenye gari apate gari jipya. Iliwekwa kwa ajili ya mama wa maandazi. Kampuni ya bima ikiwa imepewa taarifa ya daawa kwa wakati, hukumu ikatoka, yapaswa kuilipa. Nchini Kenya sheria haiilazimishi ilipe zaidi ya shilingi 3,000,000 kwa dai la mtu mmoja. Lizidilo hapo hudaiwa kwa mkosaji mwenyewe. Basi asemaye kwamba majeruhi akidai atamfilisi maskini, aghalabu amlinda tajiri aliyekwisha kupokea ada ya bima.

Muda nao una mipaka. Kwa sheria ya ukomo ya Tanzania ya mwaka 1971, dai la namna hii hufa baada ya miaka 3, na Kenya muda ni huo huo. Miaka 3 ni mingi kwa mtu mzima; kwa mtu aliyelala na mguu katika plasta, akihangaikia chakula cha watoto, hupita kama ndoto. Wanaojua hilo huahidi leo, huahirisha kesho, mpaka siku ya mwisho ipite. Ndipo sauti laini hugeuka kuwa ngumu.

Na aliyekufa je? Zamani sheria ya Kiingereza ilikuwa na aibu moja: aliyemlemaza mtu alilipa, na aliyemwua kabisa hakulipa kitu, kwa kuwa mwenye dai amekufa na dai lake. Aibu hiyo ilianza kuondolewa Uingereza mwaka 1846, na sheria za Afrika Mashariki zimefuata. Mjane, mgane, watoto na wazazi waliokuwa wakimtegemea marehemu wana haki ya kudai riziki waliyoipoteza. Aliyeumizwa akiwa kazini Tanzania ana mlango mwingine tena, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Asiye na fedha ya wakili ana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Na aliyekuwa na sehemu ya kosa, kama kuvuka pasipo kivuko, hanyimwi yote. Fidia yake hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Milango yote hii iko. Iliyofungwa ni midomo.

Inabaki hoja iliyo nzito kuliko zote, nayo ni ya dini. Waumini wengi huona kwamba kudai fidia ya damu ni kukataa kudura. Wafikirio hivyo na watazame mahali neno ajali lilikotoka. Katika Kurani, kitabu kisemacho kwamba kila umma una ajali yake, iko Sura ya Wanawake, na aya yake ya 92 humwamuru aliyemwua muumini kwa kukosea, pasipo kukusudia, alipe diya kwa jamaa za marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakimsamehe, tena amwachie huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Hapana aliyesema kwamba kwa kuwa siku ya marehemu ilikuwa imefika, mkosaji asilipe. Kudura ni jibu la swali la kwa nini marehemu hakuishi zaidi; si jibu la swali la kwa nini dereva hakutazama mbele. Msamaha nao ni tunu ya aliyedhulumiwa. Aweza kuutoa akijua anachokitoa. Msamaha utolewao na mtu asiyejua kwamba ana haki si msamaha; ni kunyang'anywa kwa adabu.

Wako pia wasemao kwamba kwenda mahakamani kwavunja utu na ujirani. Utu upi? Utu wa kumwachia mjane mzigo ili mwenye kosa alale usingizi? Jamaa zikikutana kwa mapatano ya haki, hesabu zikawekwa wazi, mganga akasikilizwa na mtu mwenye elimu ya sheria akiwapo upande wa mnyonge, mapatano hayo ni bora kuliko daawa ya miaka mingi, wala hapana ayakataaye. Likataliwalo ni bahasha ya alfajiri na kidole cha mtu aliye katika maumivu. Mapatano ya mtu mmoja ajuaye na mwingine asiyejua si suluhu. Ni biashara ambayo mmoja wao hakuambiwa bei.

Kwa watu wa vyuo lawama hii haipiti mbali. Kwa muda mrefu sheria zilizomlinda mama wa maandazi ziliandikwa katika lugha asiyoisoma, na hukumu zilizomhusu zilitolewa katika lugha asiyoisikia. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili jambo hilo, Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, ijapokuwa Kiingereza kiliachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Lakini sheria kupewa lugha si sawa na lugha kupewa sheria. Lugha iliyoletwa mahakamani ikiwa bado imebeba neno ajali kwa maana mbili zisizopatana, itaingia na mwizi mgongoni. Mwaka 2001 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilitangaza kwamba halitalikubali tena neno la Kiingereza la ajali katika kurasa zake, kwa hoja kwamba majeraha mengi yaweza kutabiriwa na kuzuiwa. Waganga waliona kwamba neno laweza kudhuru kama vijidudu. Walimu wa Kiswahili, watunzi wa kamusi na wahariri wa magazeti wana sababu gani ya kuchelewa kuliona?

Kiswahili si maskini wa maneno. Kina kugonga na kugongana, kina uzembe, kina kughafilika, kina kosa, kina maafa, kina dhima. Mwandishi wa habari aweza kuandika kwamba dereva aliyekuwa akizungumza na simu alimgonga mama kivukoni. Maneno hayo ni mafupi, yaeleweka, na kiima kimo ndani yake. Askari aweza kuyaandika katika kitabu chake. Kadhi na kasisi waweza kuyasema matangani bila kukosa imani. Mwalimu aweza kuyafundisha darasani. Na ajali ibaki na kazi yake ya heshima, ya kutaja lile ambalo kweli halina kinga.

Kwa kuwa simu ina kinga: huzimwa. Kikombe cha chai kina kinga: hunywewa kituoni. Bwana apigaye simu ana kinga: hungoja gari lifike. Mwenye gari anajua hayo, dereva anajua, na kampuni ya bima inajua kuliko wote. Asiyejua ni yule aliyelazwa wodini akiambiwa kwamba alivunjwa paja na kudura. Siku atakapoambiwa jina la aliyemvunja na jina la haki yake kwa lugha moja, bahasha ya alfajiri itarudi ilikotoka.